SOMO: Vidukari au inzi weupe? Tazama vizuri kabla ya kupuliza dawa

Wote hujificha chini ya jani, hufyonza utomvu na kuacha unato mtamu unaoota ukungu mweusi. Mimi niliwahi kumaliza dawa ya inzi weupe juu ya maganda matupu, kwa hiyo hatua ya 2 naomba msiiruke.

Hatua ya 1: Tikisa mmea. Wakitimka kama vumbi jeupe kisha wakatua tena, ni inzi weupe. (Jina tu hilo, kwa ukoo ni ndugu wa vidukari.) Vidukari wengi hawana mabawa, hubaki palepale.

Hatua ya 2: Geuza jani, uchunguze huo weupe. Kidukari anapokua hujivua ngozi, na ngozi hizo nyeupe hunasa kwenye unato. Ziguse: haziruki, ndani hamna kitu. Hapo una vidukari, hata kama jani zima linaonekana jeupe.

Hatua ya 3: Tumia lenzi. Kidukari ana umbo la tone la maji, na nyuma vijibomba viwili ambavyo inzi mweupe hana. Mtoto wa inzi mweupe hutembea muda mfupi baada ya kuanguliwa, kisha hujibandika kama gamba bapa.

Hatua ya 4: Tibu. Vidukari wapige maji ya nguvu. Wakianguka, wengi hawarudi. Inzi weupe wakubwa wataruka, na watoto wameganda jani. Tega vibao vya njano vyenye gundi, na pulizia maji ya sabuni chini ya majani. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa kuwa mayai hunusurika.

MASWALI

Swali: Sisimizi wamejaa kwenye shina. Niwaue?
Jibu: Wanafuata unato, tena huwalinda vidukari dhidi ya wadudu wanaowala. Wazuie kupanda, halafu shughulikia vidukari.

Swali: Nilipulizia Jumatatu, Jumamosi wamejaa tena!
Jibu: Kidukari jike huzaa watoto hai bila dume, na kwenye joto mtoto huyo naye huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Wachache uliowaacha wanatosha.

Swali: Inzi weupe wameisha, lakini majani ya nyanya bado yamejikunja na kuwa ya njano. Yatapona?
Jibu: Kama ni virusi vilivyoletwa na inzi hao, hayaponi. Ng'oa mche huo asubuhi na mapema, wakati inzi waliosalia bado wazito kuruka, na uufunike kwa mfuko kabla hujauvuta.