Kupatia mashini majina kwa adresi ya MAC: fishie ya /etc/ethers

Kama unachunga rezo ya siberi huku Katuba ao ya kabiro kamoja pale mjini Lubumbashi, unajua vile inachosha: kuran inakatika, inarudia, mashini zinapata IP (namba ya mashini ndani ya rezo) zingine, na ile yenye printa haujui tena ni gani. IP inabadilika lakini MAC, ile namba ya kadi ya rezo yenyewe, iko palepale, basi jina tulifunge kwa MAC. Linux na BSD ziko na fishie ya hiyo kazi tangu zamani, `/etc/ethers`, na watu wengi hawaifungui hata siku moja.

Hatua ya 1. Tafuta MAC. Kwenye mashini yenyewe piga `ip link`, iko nyuma ya `link/ether`. Hautaki kuzunguka kiti kwa kiti? Piga `ping` kwa kila IP halafu `ip neigh`, zinatoka zote, ila za rezo yako tu, yenye iko nyuma ya ruta ingine hautaiona.

Hatua ya 2. Ukiwa root (mwenye ruhusa zote kwa mashini) fungua `/etc/ethers` (kama haiko, itengeneze), mustari moja mashini moja:

```
00:00:5e:00:53:11  kiti1
00:00:5e:00:53:12  printa
```

Hatua ya 3. Hapa ndiyo wengi wanakwama. Hiyo mistari inasema tu MAC ni ya nani, IP haiko, kwa hiyo majina yaleyale yaandike na IP zao kwa `/etc/hosts`. Jaribu `getent ethers kiti1`. Ikinyamaza, angalia `/etc/nsswitch.conf` (inasema majina yatafutwe wapi), mustari wa `ethers:` lazima uwe na `files`.

Hatua ya 4. Kama dnsmasq (programu ya kugawia mashini IP) ndiyo unatumia, ongeza `read-ethers` kwa `dnsmasq.conf` na uiwashe upya. Sasa printa inapata IP yake ileile kila asubuhi. Ukiongeza mashini kesho, `pkill -HUP dnsmasq` inatosha. Tena `etherwake -i eth0 kiti1` inaamsha mashini kwa jina, kama Wake-on-LAN (kuamsha mashini kupitia rezo) iko wazi mu BIOS na kable iko ndani.

Kuko wenye wanapenda `arp -f`, inasoma fishie hii na kufunga MAC na IP kwa nguvu. Mie siipendi, siku utabadilisha kadi ya rezo utatafuta shida mpaka usiku.

Simu usiziandike humo. Tangu Android 10 zinajitungia MAC, na ukibadilisha jina la wifi inabadilika nayo. Utazijua kwa herufi ya pili ya MAC, ni 2, 6, a ao e. Hizo ziachie `dhcp-range`, zile IP zenye dnsmasq inagawa yenyewe.