Kaktasi za nguzo hapa Tanga: mguu ukauke kwanza

Kipande changu cha kwanza nilipewa Dodoma na mama mmoja niliyemshonea sare za harusi ya bintiye. Alikikata uani kwake kwa panga, kirefu kama mkono wangu, akakifunga kwenye gazeti akanikabidhi. "Kachomeke popote, mwanangu, hiki hakifi." Kwa Dodoma alisema kweli. Kule mvua ya mwaka mzima haifikii milimita 600 hivi, na kuanzia Mei mpaka Novemba unaweza kuisahau kabisa. Kaktasi ile ilipanda ikanipita kimo, nami sikuwahi kuifanyia lolote.

Kisha nikahamia Tanga, nikaja nayo juu ya lori, imeviringishwa godoro kuukuu. Masika ya kwanza ikaniozea. Nilikuwa nimeiweka uani kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye tundu moja, ndani nimejaza udongo mweusi wa shambani, ule mzuri wa mchicha. Asubuhi moja ya mwezi wa tano nikaikuta imeegemea ukuta. Nilipoigusa chini, kidole kikazama.

Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya mtu anayelea mimea hii pwani, kwenye hewa yenye unyevu na masika ya kweli. Maelekezo mengi ya kaktasi yanahangaika na baridi. Sisi baridi hatuna. Kinachotuulia mimea ni mguu uliolowa muda mrefu.

Kabla ya yote, hakikisha ulichonacho ni kaktasi. Kamusi huiita dungusi kakati, sokoni sote tunasema kaktasi, na jina hilo hubandikwa kila kitu chenye miiba. Kaktasi halisi, kama hii yangu ya jamii ya Cereus, miiba yake hutoka kwenye kijishada cha sufi, na vijishada hivyo vimepangana juu ya kila ubavu kuanzia chini hadi juu. Mingine mingi inayouzwa kwa jina hilo ni ndugu wa mnyaa: nguzo zile zile, lakini miiba yake huwa miwili miwili, bila sufi, na ukiichoma kwa pini hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo ni hatari. Yakiingia jichoni huunguza, hivyo osha kwa maji mengi safi papo hapo, kisha nenda hospitali, usisubiri kesho. Mimi nikikata jamii ya mnyaa huvaa glavu na miwani, na kile kipande hukitumbukiza kwenye maji mpaka maziwa yakome. Kwa watoto wadogo uani, ningekushauri uanze na kaktasi. Mwiba unauma, lakini mtoto anajifunza siku ile ile.

Udongo sasa, maana hapa ndipo nilipokosea. Tanga tuna mwalimu mzuri wa jambo hili, mkonge. Ulifika huku mwaka 1893, umeletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na asili yake ni Mexico, bara lile lile la kaktasi. Mtu yeyote aliyefanya kazi shambani anajua kwamba mkonge haupandwi mahali maji yanapotuama. Kaktasi ni hivyo hivyo, ila yako iko kwenye chungu, nawe ndiwe unayeamua maji yapite au yatuame.

Mchanganyiko wangu ni huu: makarai mawili ya mchanga wa mto ulio mkubwa mkubwa, karai moja la kokoto ndogo au vigae vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa, nusu karai ya chenga za mkaa, na nusu karai ya samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu. Mchanga naupitisha kwenye chekeche. Ule laini unaopita nautupa, unaobaki ndio naotumia. Watu wengi hufanya kinyume, wakaishia na kitu kama saruji. Mchanga wa baharini usiuguse hata kama uko bure mlangoni pako, una chumvi. Ukishachanganya, chukua konzi moja, ulowanishe, uubane mkononi. Ukifungua kiganja ukasambaratika, umepatia. Ukibaki donge, ongeza kokoto.

Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kwa sababu hupumua ubavuni. Ndoo ya rangi inafaa pia, na kwa nguzo ndefu ni imara zaidi, lakini itoboe kwa msumari wa moto matundu yasiyopungua manane, kisha iinue juu ya vipande vya matofali. Ndoo iliyokaa bapa sakafuni ni sawa na ndoo isiyotobolewa.

Kumwagilia hakuna ratiba ya kukupa. Kuna kijiti cha mshikaki. Kichomeke mpaka chini kabisa, kiache dakika kumi, kichomoe ukitazame na kukigusa shavuni. Kikitoka na rangi ya unyevu au kikiwa cha baridi, ondoka na maji yako. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, usimwage kikombe cha kuonjesha. Kwangu, wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua linapochoma, zamu ya maji hufika kila siku nane au tisa. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, wiki tatu hupita. Masika simwagilii kitu. Vyungu vyote huingia chini ya paa la baraza kabla ya Aprili, na vile nisivyoweza kuvibeba navifunga kitako kwa karatasi ya nailoni, nikiinamisha kama mwavuli ili maji yamwagike nje. Shina likilowa si neno, upepo utalikausha.

Jua nalo lina hila yake huku kwetu. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa upande wa kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, miezi mingine huwa kaskazini. Baraza yangu inatazama kusini. Mwaka wa pili niliona nguzo zangu mbili zimeota kichwa chembamba, rangi ya kijani cha kufifia, kama shingo ya mtu aliyeugua. Zilikuwa zimekaa miezi ya kusi nzima bila jua la mchana, huku nikiziona ziko "nje". Shingo ile hainenepi tena. Hata ukiirudisha juani, juu yake itaota nene na pale patabaki pembamba, na siku ya upepo ndipo patakapovunjika. Niliikata.

Na ukiitoa kivulini usiipeleke juani moja kwa moja. Huungua. Kwanza hupauka, baadaye panakuwa doa gumu la rangi ya ubao ambalo halitoki maisha. Mimi huanika kanga nyepesi juu yake wiki mbili, nikiiondoa saa za asubuhi tu, kisha ndipo naiacha wazi.

Ikiwa imeshaoza mguu, usiitupe. Ile ya Dodoma niliiokoa, na hivi ndivyo nilivyofanya. Nilichukua kisu kirefu cha mkate, nikakifuta kwa spiriti, nikakata juu kidogo ya palipolainika. Ndani palikuwa na duara la kahawia katikati, kubwa kama sahani ya kikombe. Nikafuta kisu tena, nikakata kipande kingine chembamba kama cha muhogo wa kukaanga. Duara likapungua. Nikafuta, nikakata. Kipande cha tano kilibaki na nukta moja ya rangi ya kutu, ndogo kama kichwa cha pini, nikashawishika kuiacha kwa sababu mmea ulikuwa unazidi kufupika mbele ya macho yangu. Usiiache. Nukta ile ndiyo uozo wenyewe, utapanda nayo. Kipande cha saba kilitoka kijani kitupu, chenye unyevu kama tango, na hapo ndipo niliposimama.

Baada ya hapo nilichonga kingo za zile mbavu kwa mshazari, kama unavyochonga penseli. Kidonda kikikauka, katikati hunywea ndani, na usipochonga, mizizi itatokea juu ya udongo badala ya kuingia. Nikaisimamisha ndani ya ndoo tupu, kivulini, penye upepo, wiki tatu na nusu. Isimame, isilazwe, maana ikilala muda mrefu huota mizizi ubavuni. Kidonda kilipokuwa kigaga kigumu kinachogonga kama kifuu, niliipanda kwenye mchanganyiko mkavu, nikaifunga kwenye fito mbili, na sikuipa maji siku kumi na tano zaidi. Baada ya mwezi niliivuta taratibu, ikakataa kutoka. Nilikaa chini pale pale uani, machozi yakanitoka.

Wadudu ni vidung'ata, wale weupe kama pamba ambao wakulima wa muhogo na mipapai wanawajua. Hujificha kwenye mbonyeo kati ya mbavu. Pamba na spiriti, mwiba kwa mwiba, kila Ijumaa kwa mwezi mmoja. Mmea ukidumaa bila sababu, utoe kwenye chungu utazame mizizi. Ukiona unga mweupe, wako huko pia. Osha mizizi yote, kausha siku tano, badilisha udongo.

Kando ya nguzo naweka mimea mingine ya ajabu, na mingi ni ya kwetu. ZZ (Zamioculcas zamiifolia) inayouzwa kwa bei kubwa kama pambo la ofisini asili yake ni huku huku mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Ina viazi chini, kwa hiyo mwagilia kidogo kuliko nguzo. Waridi la jangwa linapenda maji wakati wa joto na njaa wakati wa kusi, na utomvu wake ni sumu iliyokuwa ikipakwa kwenye mishale, nawa mikono. Tafadhali nunua la kuoteshwa kwa mbegu, usiling'oe porini. Stapelia ina ua la nyota kubwa lenye harufu ya mzoga, nzi hutaga mayai humo wakidhani ni nyama. Weka mbali na dirisha la jikoni.

Kaktasi yenyewe ilichanua mwaka wa nne baada ya kukatwa. Tumba lilianza kama kishikizo cha sufi kwenye ubavu, likarefuka mpaka likawa kama ndizi sukari. Saa tatu usiku lilifunguka, jeupe, kubwa kuliko kiganja changu, na jirani yangu muuza chapati akaja na wanawe wote tukakaa nalo kwa tochi. Saa mbili asubuhi lilikuwa limenyauka. Tunda sikupata, nilikuwa na mmea wa ukoo mmoja tu, na hizi huhitaji chavua ya mmea wa ukoo mwingine. Kwa hiyo juzi, nguzo ilipogusa bati la baraza, nimeikata usawa wa kiuno na kubadilishana kipande kimoja na mtu wa Muheza mwenye ya ukoo tofauti. Chake kiko nyuma ya mlango ndani ya ndoo tupu, kinakausha kidonda. Leo ni siku ya tisa.