Jinsi ya kupima thamani ya mfumo wa kidijitali wa eneo la utalii machoni mwa wadau

Ukimuuliza mdau wa utalii kama mfumo wa kidijitali wa eneo lake, yaani ule unaokusanya mahali pamoja taarifa na huduma za hoteli, ziara na vivutio, una manufaa, atakujibu ndiyo. Mwenye hoteli atasema ndiyo, mwongoza watalii atasema ndiyo, na ofisa wa mamlaka ya utalii atasema ndiyo kwa msisitizo. Mfumo ukishazinduliwa, unakuta kurasa za hoteli zina bei za msimu uliopita na hakuna anayezigusa. Ndiyo ile haikumgharimu mtu kitu. Anayetaka kujua thamani halisi amlazimishe mdau achague, kisha amuulize atatoa nini ili akipate alichochagua.

Anza kwa kuuvunja mfumo katika kazi 12. Ziandike jinsi zinavyomfikia mtu, si kwa majina ya sehemu za programu. “Moduli ya uhifadhi” haimwambii kitu mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba 6, lakini “mgeni anaona chumba kilicho wazi na kukilipia palepale” anaielewa mara moja. Kazi nyingine ambazo hazikosekani ni sajili ya watoa huduma wenye leseni, kalenda ya matukio, ramani ya vivutio, takwimu za vitanda vilivyojaa, kupokea malalamiko ya wageni, taarifa za dharura, tiketi za kiingilio kwa saa maalumu, na kupeleka data kwenye tovuti za mawakala. Kila kazi iwe sentensi moja yenye jambo moja. Ukiandika “ramani na kalenda”, hutajua mtu amevutiwa na ipi.

Wadau wagawe kwa uhusiano wao na data, wala usifuate vyeo. Wapo wanaoilisha: malazi, waendesha ziara, waongoza watalii. Wapo wanaoisoma ili waamue: mamlaka, halmashauri, wahifadhi. Na wapo wanaobeba matokeo, yaani wakazi na watalii wenyewe. Malazi makubwa na madogo yatenganishe tangu mwanzo, kwa sababu hoteli kubwa tayari ina programu yake ya vyumba na haihitaji kile kinachomfaa mdogo. Hoji watu 6 hadi 8 katika kila kundi ili kusafisha ile orodha ya kazi, kisha lenga angalau watu 30 kwa kundi kwenye upimaji wenyewe. Kundi likiwa na watu 5 tu kwa jumla, waone wote na uripoti walichosema. Asilimia ya watu 5 inapotosha.

Sasa tengeneza kadi. Kipimo cha alama 1 hadi 5 hakifai hapa, maana kila kazi itapata 4 au 5 na utabaki pale ulipokuwa. Gawa kazi 12 katika mafungu manne ya kazi tatu tatu: A1 hadi A3, B1 hadi B3, C1 hadi C3, D1 hadi D3. Kila kadi ina kazi nne, moja kutoka kila fungu, na kadi zote ni 9. Ukifuata mpangilio wa A, B, C, D, namba za kadi ni hizi: 1111, 1222, 1333, 2123, 2231, 2312, 3132, 3213, 3321. Kwa hiyo kadi 2123 ina A2, B1, C2 na D3. Kwa mpangilio huu kila kazi inatokea mara 3, na inakutana na kila kazi ya mafungu mengine mara moja. Kazi za fungu moja hazikutani kamwe, basi zile unazotaka zishindanishwe ana kwa ana ziweke mafungu tofauti. Changanya mfuatano wa kadi kwa kila mhojiwa.

Kwenye kila kadi uliza mambo mawili: ipi kati ya hizi nne ingekusaidia zaidi katika kazi yako, na ipi ingekusaidia kidogo kuliko zote. Usiseme “mbaya”, watu huona haya kukiita kitu cha mamlaka kibaya. Hesabu yake ni nyepesi. Toa mara ambazo kazi ilichaguliwa ya mwisho kutoka mara ilizochaguliwa ya kwanza, kisha gawanya kwa idadi ya watu mara 3. Tuseme kundi lina watu 40, na kazi imekuwa ya kwanza mara 54, ya mwisho mara 12: 42 gawanya kwa 120 ni 0.35. Alama huenda kutoka -1 hadi +1. Piga hesabu kwa kila kundi peke yake. Wastani wa wadau wote ni namba isiyomhusu mtu yeyote.

Baada ya kadi ndipo liulizwe swali la gharama, na hapa ndipo wengi huharakisha. Kwa kazi tatu alizozipa uzito, muulize: nani ataingiza taarifa, kwa dakika ngapi kwa wiki, data gani yuko tayari kuitoa, na ada gani ataikubali. Muulize yule anayekaa kwenye kompyuta, si mwenye mali tu. Mpokezi wa hoteli ndogo anaandika chumba kilekile kwenye daftari, kwenye tovuti ya wakala, na sasa kwenye mfumo mpya. Siku ya wageni wengi ataruka mahali pamoja, chumba kitauzwa mara mbili, na kuanzia hapo atakifunga kwenye mfumo wa eneo ili awe salama. Alama ya +0.5 kwa uhifadhi haina maana kama hakuna aliyejitolea dakika za kuulisha, au kama mfumo hauunganiki na programu anayoitumia tayari.

Kama mfumo upo, linganisha maneno na kumbukumbu zake: tarehe ya mwisho ya kila ukurasa kuhaririwa, na idadi ya walioingia mwezi huu. Na usitegemee fomu ya intaneti peke yake, kwani itawapata wanaopenda mifumo tu. Wengine wafuate kwa simu au kwa kadi za karatasi. Mhoji naye asitoke kwenye ofisi inayotoa leseni.

Mgongano wa kutarajia ni wa takwimu za vitanda vilivyojaa: mamlaka huziweka juu, malazi huziweka chini kwa hofu ya kodi na washindani. Rudi kwao na pendekezo la kuchapisha jumla za eneo tu, na kutochapisha namba yoyote iliyotokana na biashara chini ya 5, kisha pima upya kwa kadi zilezile, maneno yaleyale.