Kwenda Ziwa Washington ukiwa Seattle: anza na Seward Park

Ukiishi kusini mwa Seattle, kule Rainier Beach au Othello, usikubali kiangazi kipite hujaligusa Ziwa Washington. Lina urefu wa kilomita 35 hivi, na upande wa jiji sehemu nyingi za ukingo ni bustani za umma. Kuingia katika bustani za jiji ni bure. Wengi wetu tunafanya kazi zamu mbili na watoto wanashinda ndani na simu, ilhali mahali pazuri hivi pako vituo vichache tu vya basi.

Kama una siku moja, nenda Seward Park. Basi namba 50 linafika hapo, nawe unaweza kulipanda ukishuka treni Othello au Columbia City. Ni rasi ya hekta 120 hivi, katikati ina msitu wa kale wenye miti iliyopita miaka 200. Njia inayoizunguka ni karibu kilomita 4, tambarare, hivyo bibi mwenye magoti mabovu ataiweza, na kigari cha mtoto kitapita bila taabu. Siku isiyo na mawingu utauona Mlima Rainier upande wa kusini, mweupe kwa theluji hata Agosti. Mwaka 1916, mfereji wa meli unaoliunganisha ziwa na bahari ulipofunguliwa, maji ya ziwa yalishuka kwa karibu mita 2.7; kabla ya hapo, maji yakijaa, rasi hii iligeuka kisiwa. Sehemu ya ukingo unaoukanyaga leo ilikuwa chini ya maji.

Sasa nisikilize vizuri. Shuleni tulifundishwa kwamba ziwa la maji baridi ni lile lisilo na chumvi. Hapa lichukulie jina hilo kwa maana zote mbili. Mapema Mei jua linaweza kuwaka watu wakavua mashati, na maji bado yako chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Ukijirusha ghafla, mwili unashtuka na kuvuta pumzi bila hiari yako. Kichwa kikiwa chini, unavuta maji. Dakika chache baadaye mikono inaishiwa nguvu. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria na kuogelea tangu utotoni anaweza kuzama hapa, kwa sababu ujuzi anao lakini baridi hii mwili wake hauijui. Ingia polepole, lowanisha mikono na uso kwanza. Tena kina chake kinafika mita 65, na kuna sehemu ambapo chini huteremka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni.

Watoto waogelee penye waokoaji tu. Kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Juni, waokoaji huwekwa kwenye fukwe kama Mount Baker, Madison Park na Matthews Beach. Angalia ratiba ya jiji kabla ya kutoka. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokoa maisha, na waulize waokoaji kama lipo la kuazima. Hata wakiwepo, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu: kuwatazama, simu ikiwa mfukoni. Kwenye mashua ndogo, sheria ya jimbo inamtaka kila mtoto wa miaka 12 au chini avae jaketi hilo.

Kiangazi King County, yaani wilaya lilimo jiji la Seattle, hupima maji ya fukwe nyingi kila wiki na kuweka majibu kwenye tovuti yake. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msiingie, maana mwani wa aina hiyo unaweza kuwa na sumu. Mkitoka, ogeni na kujifuta mara moja. Vimelea vya bata husababisha vipele vinavyowasha.

Vibanda vya pikiniki hukodishwa, kwa hiyo kwa kundi kubwa wekeni nafasi mapema. Pombe hairuhusiwi. Anayetaka kuvua samaki akiwa na miaka 15 au zaidi akate leseni. Usiache mkoba ndani ya gari.

Ukitaka kuvuka kwenda Kirkland au Bellevue kwa gari, daraja la 520, linaloelea juu ya maji, lina tozo: hakuna kibanda cha kulipia, kamera hupiga picha namba ya gari na bili huja kwa posta. Daraja la I-90 halina tozo.