Kufufua kiwanja cha ndege kilichoachwa porini

Nyasi changa zilizochipua baada ya moto, ukizitazama kutoka juu, ni zulia. Rubani mmoja aliziamini hivyo kusini mwa Selous, pori la akiba la Tanzania, akashuka, gurudumu la mbele likazama kwenye shimo la muhanga, mnyama mchimbaji wa usiku. Alivunjika kifundo cha mkono. Kilikuwa kiwanja cha kitalu cha uwindaji. Wenyewe walishahama misimu minne nyuma, na hakuna aliyeweka alama kwamba kimefungwa.

Ndiyo maana mimi naanza na alama. Chana viroba vyeupe, vitandaze katikati ya njia ya kurukia ndege vifanye X kubwa inayosomeka kutoka angani, kisha vigandamize kwa mawe. Marubani wote wanaijua: usitue.

Vibali vitangulie panga na kiberiti. Tangu 2019 sehemu kubwa ya Selous ya zamani ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Pori la akiba lililobaki linasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Jua uko kwa nani. Mambo ya kutua na kuruka, waone Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nenda Juni, masika yakishaisha. Nyasi zikishafyekwa au kuchomwa kwa ruhusa, panga watu watano mstari mmoja, kila mmoja na fimbo, mtembee taratibu mwanzo hadi mwisho, kisha mrudi. Gari halioni mashimo, miguu inayaona. Kila shimo lipigiwe alama ya majivu.

Hapa usiwe na haraka. Muhanga huchimba, ngiri huhamia. Ngiri huingia kinyumenyume, kwa hiyo akitoka anatanguliza meno. Simama ubavuni mwa shimo, kamwe usisimame mbele ya mdomo wake. Ukishahakikisha ni tupu, fukua handaki lote mpaka linapoishia. Ukiziba mdomo tu umetega mtego, kwa sababu dari litaporomoka siku litakapokanyagwa na gurudumu. Jaza udongo kimo cha shubiri, nyunyiza maji, shindilia, ongeza tena.

Udongo bora wa kujazia unao hapo hapo: kichuguu. Ukilowa na kushindiliwa hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Lakini kichuguu kilichoota njiani usikikate juu juu. Chimba mpaka umtoe malkia, la sivyo mchwa watakijenga upya, na vyumba vilivyobaki chini vitatitia mvua ikija. Visiki vya miombo navyo ni hivyo hivyo. Ukivikata usawa wa ardhi vinachipua, na ncha zake zinapasua tairi. Ng'oa na mizizi. Nyayo za tembo zilizokauka kwenye tope, zile bakuli ngumu, zivunje kwa sururu kabla ya kusawazisha.

Pima urefu kwa kamba, usikisie. Kwa ndege ndogo kama Cessna 206 iliyobeba mzigo, mimi sikubali chini ya mita 900 safi, na miti ya mwisho wa njia iwe imepunguzwa. Joto la saa nane mchana hufanya hewa kuwa nyepesi, ndege ikahitaji njia ndefu zaidi kupaa. Udongo mweusi wa mbugani ni shauri jingine. Ukiukuta katikati ya njia, tangaza kiwanja ni cha kiangazi tu.

Kisha pakia Land Cruiser mawe, uipeleke kilomita 60 kwa saa, katikati na pembeni zote mbili. Usukani ukitikisika, shuka ukarekebishe. Matairi yakiacha mifereji, hapo hapajakauka.

Paka mawe ya kingo chokaa, simika mfuko wa upepo mahali ambapo miti haiuzibi. Siku ya ndege, gari lipite kwanza kufukuza swala, na rubani apite chini mara moja bila kutua, ajionee mwenyewe. Viroba vya X viondoe asubuhi hiyo hiyo, ukishamaliza kutembea njia nzima kwa miguu kwa mara nyingine, maana muhanga huchimba usiku.