Kupima mkazo wa mwamba kwa Examine2D: anza na duara

Examine2D, programu ya Rocscience ya Toronto, hukokotoa mkazo kuzunguka handaki kwa mbinu ya elementi za mpaka: unachora ukingo wa shimo tu, mwamba wa nje hauhitaji wavu. Ni nyepesi na ya haraka. Ubaya wake, hutoa picha ya rangi za kupendeza hata ukiilisha takwimu mbovu. Kwa hiyo ijaribu kwanza kwa duara, ambalo jibu lake unaweza kulipiga kwa mkono.

Chukua handaki lililo mita 1,000 chini. Kila mita ya mwamba huongeza takriban megapaskali 0.027 (megapaskali ni kipimo cha mkazo), hivyo mkazo wima ni 27. Vipimo vya mgodini vikionyesha mkazo mlalo ni mara 1.5 ya huo, weka 40.5. Chora duara la kipenyo cha mita 5, ligawe vipande kama 100, endesha. Kwa kanuni ya Kirsch ya 1898, ya mkazo kuzunguka shimo la duara, paa lisome 3 × 40.5 − 27 = 94.5, na kuta 3 × 27 − 40.5 = 40.5. Tofauti ndogo isikusumbue. Lakini paa na kuta zikibadilishana namba, umekosea pembe ya mkazo mkuu, yaani ule mkubwa kuliko yote. Jibu likizidi mara elfu, umechanganya kilopaskali na megapaskali.

Sasa chora umbo halisi. Mkato uwe umekingama na mhimili wa handaki, na mkazo mlalo unaoweka uwe ule unaolibana kutoka ubavuni, si lazima mkubwa kuliko yote mgodini. Kona kali ziviringe kidogo. Ukiziacha, kila ukiongeza vipande namba ya konani hupanda tu, na haina maana yoyote.

Kisha gawanya mkazo wa ukingoni kwa nguvu ya mwamba iliyopimwa maabara. Granaiti ya megapaskali 180 inatoa 94.5 ÷ 180, yaani 0.53. Mwamba mgumu huanza kubanduka vibamba karibu na 0.4, basi tarajia paa libanduke ingawa programu bado inaonyesha kipimo cha usalama (nguvu ya mwamba ÷ mkazo) zaidi ya 1. Mkazo mdogo ukiwa hasi, hapo pana mvutano na nyufa zitafunguka.

Programu hii huchukulia mwamba hauvunjiki. Inaonyesha pa kuanzia kuvunjika, si kina kitakachoporomoka. Kwa kina tumia RS2, programu nyingine ya Rocscience, mpaka wa nje ukiuweka angalau mara 5 ya upana wa shimo. Na kwa shimo fupi la kuchimbia mawe ya madini, hesabu ya pande mbili haifai: nenda Map3D, programu ya pande tatu.