Muuguzi Anapojichoma Sindano: Kabla ya Ajali na Saa Mbili za Kwanza

Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya Bahi au Kongwa humfikiria mgonjwa kwanza na mkono wake baadaye, na ndiyo maana kinga yake hupaswa kuandaliwa kabla mgonjwa hajafika. Anza na maji. Kwa kuwa bomba katika vijiji vingi vya Dodoma halina uhakika, hakikisha ndoo yenye koki imejaa na sabuni ipo. Kisha tazama kisanduku cha usalama: kikifika robo tatu kifungwe, kwa sababu ni rahisi kujichoma unapolazimisha sindano iingie kwenye kisanduku kilichojaa. Kiweke karibu na kitanda, ili sindano itoke kwa mgonjwa na kuingia humo moja kwa moja, bila kurudishiwa kifuniko.

Ukijichoma, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilikamue wala usilimwagie jiki. Mazoea hayo, ambayo baadhi yetu tuliyarithi kwa waliotutangulia kazini, huumiza ngozi bure. Damu ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi pekee.

Baada ya hapo wengine humaliza zamu kimya, kwa kuogopa kuitwa wazembe. Mpigie mfawidhi simu usiku huohuo. Dawa kinga dhidi ya VVU, yaani PEP, hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 2, hazianzwi baada ya saa 72, na humezwa siku 28 mfululizo. Mgonjwa aombwe ridhaa ya kupimwa, nawe upimwe, lakini dozi ya kwanza isisubiri majibu yake. Zahanati isipokuwa na dawa, usafiri wa kwenda kituo cha afya utafutwe papo hapo.

Hatari ya kuambukizwa VVU kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi ni takriban 3 kwa 1,000, ilhali ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika 30 kwa 100. Nionavyo, anayeogopa VVU huku hajakamilisha dozi 3 za chanjo ya homa ya ini, ambazo kwa kawaida huchukua miezi 6, ameikosea hesabu.

Mwisho, andika tukio kwenye rejesta: saa, aina ya sindano, shughuli uliyokuwa ukifanya na jina la uliyemjulisha. Ukiugua baadaye na kudai haki yako chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ukurasa huo ndio utakaoonyesha kwamba uliumia kazini.